Tundu la Kweli na Tundu la Kipimo: Kuhusu Kusafisha Nyuso Zilizojengwa kwa Nukta

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kueleza, kwa lugha isiyomlazimu msomaji awe mwanahisabati, kazi moja ambayo wataalamu wa tarakilishi wameishughulikia kwa zaidi ya miaka thelathini: kazi ya kusafisha uso wa kitu, uliojengwa upya kutokana na nukta zilizopimwa juu ya kitu hicho. Kitu chenyewe chaweza kuwa sanamu, chungu, fuvu la kale au ukuta wa msikiti uliobomoka. Chombo cha kupimia hutoa nukta kwa mamilioni; nukta huunganishwa zikawa uso; na uso huo, kabla ya kuonyeshwa watu, husafishwa. Picha tunayoiona mwishoni, ambayo twaweza kuigeuza huku na huku kana kwamba tumekishika kitu mkononi, ni matokeo ya hatua hizo zote tatu, na hatua ya tatu ndiyo isiyosemwa sana.

Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza: haya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, magofu ya pwani yetu, ambayo ni ushahidi wa historia ya watu wanaosema lugha tunayoifundisha, yamekwisha anza kuhifadhiwa kwa njia hii, na si ajabu wasomi wa Kiswahili wakaitwa kuyaandikia maelezo. Pili, swali linalomkabili fundi wa nyuso ni lile lile lililomkabili mhariri wa miswada tangu zamani: lipi ni kosa la mnakili, na lipi ni neno la mtungaji? Hoja nitakayoitetea ni kwamba kusafisha uso ni kuhariri, wala si kufagia. Anayefagia hutupa asichokihitaji, basi. Mhariri hutoa uamuzi, na uamuzi wake hauna budi kuonekana.

2. Kutoka kitu hadi nukta

Njia za kupima ni nyingi, lakini mbili zatosha kwa mfano. Katika njia ya kwanza, chombo hutuma mwonzi wa leza hadi ukutani na kupima muda unaochukuliwa na mwonzi huo kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwendo wa nuru wajulikana, nao ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, muda hugeuzwa kuwa umbali. Njia hii hufaa majengo. Katika njia ya pili, mstari wa leza hutupwa juu ya kitu, na kamera iliyowekwa kando huutazama kwa pembe. Pale kitu kinapobonyea au kutokeza, mstari huonekana umepinda, na kutokana na upindaji huo umbali hukokotolewa kwa kanuni za pembetatu. Njia hii hufaa sanamu na vyombo vidogo, kwa sababu huweza kutambua tofauti zilizo ndogo kuliko milimita moja.

Matokeo ya njia zote mbili ni ya namna moja: orodha ndefu ya nukta, kila nukta ikiwa na nambari tatu. Ya kwanza huonyesha nukta iko wapi kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka mbele kwenda nyuma, na ya tatu kutoka chini kwenda juu. Wataalamu huliita fungu hilo wingu la nukta. Jina hilo lafaa, kwani kwa mbali wingu huonekana lina umbo, lakini ukilikaribia hukuti ngozi ya kugusa. Nukta haimjui jirani yake; haijui kama nukta iliyo karibu nayo imo juu ya ukuta uo huo, au juu ya ukuta mwingine ulio nyuma yake.

Tena wingu hilo haliji likiwa safi. Kasoro zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni mtikisiko: chombo kikipima mahali pamoja mara kumi, hakitatoa jibu moja mara kumi, bali majibu yatakayocheza huku na huku kwa sehemu ya milimita au zaidi. Ya pili ni nukta geni, yaani zile zisizokuwa za kitu kinachopimwa kabisa: tawi la mti lililo mbele ya ukuta, ndege aliyepita, mtu aliyekatiza. Ya tatu ni mpishano. Kitu hakiwezi kuonekana chote kutoka mahali pamoja, kwa hiyo hupimwa kutoka pande nyingi na vipimo hulazwa kimoja juu ya kingine. Visipolala sawasawa, ukuta mmoja huonekana una nyuso mbili zilizokaribiana. Ya nne ni ukosefu. Pale leza isipofika, kwenye makwapa ya sanamu, nyuma ya nguzo au ndani ya shimo, hapana nukta hata moja.

Msomaji azingatie kwamba kasoro tatu za kwanza ni za kuzidi, na ya nne ni ya kupungua. Tofauti hii itatufaa mbele.

3. Kufuma wavu

Ili wingu liwe uso, nukta hufungamanishwa. Njia iliyozoeleka ni kuunganisha nukta tatu tatu ziwe pembetatu ndogo, na pembetatu hizo kugusana ubavu kwa ubavu mpaka zikifunike kitu chote. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya wavuvi pia, sioni sababu ya kutafuta istilahi mbali: umbo hili ni wavu, mahali nyuzi zinapokutana ni fundo, na kila jicho la wavu ni pembetatu moja. Neno tundu nitaliweka kwa ajili ya mahali ambapo wavu umekatika na hapana jicho lolote.

Kuna mikondo miwili katika ufumaji huu. Mkondo wa kwanza hufunga nukta zenyewe moja kwa moja. Greg Turk na Marc Levoy, katika kazi yao ya mwaka 1994, walifuma wavu mmoja kwa kila upande uliopimwa, kisha wakazishona nyavu hizo pembezoni zikawa kitu kimoja. Mkondo wa pili hauzifungi nukta, bali huuliza swali kuhusu anga zima linalokizunguka kitu: mahali hapa ni ndani ya kitu au ni nje yake? Uso ndio mpaka kati ya ndani na nje. Mkondo huu ulipata nguvu katika kazi ya Hugues Hoppe na wenzake ya mwaka 1992, nao hutumia mbinu ya kuchora mpaka iliyotangazwa na William Lorensen na Harvey Cline mwaka 1987, wakati huo kwa ajili ya picha za hospitali. Mwaka 1996 Brian Curless na Levoy waliuendeleza kwa vipimo vya leza, na mwaka 2006 Michael Kazhdan, Matthew Bolitho na Hoppe walitoa mbinu itumiayo mlinganyo wenye jina la mwanahisabati Mfaransa Poisson, ambayo imeenea sana.

Tofauti ya mikondo hii si ya mafundi tu. Wavu uliofungwa nukta kwa nukta huacha matundu pale pasipo na nukta. Mpaka wa ndani na nje, kama ulivyo katika mbinu ya Poisson, haukatiki: hupita hata pale ambapo hapakupimwa kitu, kwa kuwa mbinu yenyewe hudai kwamba kila chenye ndani kina nje. Kwa hiyo mbinu hii huziba matundu yote kabla fundi hajaombwa kuyaziba. Uso unaotoka ni mzuri kwa macho, lakini sehemu yake moja imepimwa na nyingine imekisiwa, na zote mbili zina rangi moja.

4. Kusafisha

4.1 Kuondoa nukta geni

Kwa kawaida tarakilishi huambiwa iitazame kila nukta pamoja na jirani zake walio karibu zaidi, tuseme ishirini, na kupima wastani wa umbali wao. Nukta iliyo mbali na wenzake kupita kiasi kilichowekwa hutupwa. Kanuni hii huondoa ndege na vumbi kwa urahisi. Walakini, tarakilishi haijui maana ya ndege. Inachojua ni upweke. Kitu chembamba kilichopimwa kwa nukta chache, kama vile ncha ya ua lililochongwa au ufito uliochomoza ukutani, nacho huwa na upweke, na huweza kutupwa pamoja na vumbi.

4.2 Kulainisha

Mtikisiko huondolewa kwa kulainisha, kazi ambayo seremala angeiita kupiga msasa. Kanuni iliyo nyepesi kuliko zote ni kulisogeza kila fundo lielekee wastani wa mafundo jirani. Tuchukue mfano wa nukta saba zilizo katika mstari mmoja juu ya uso bapa, na kimo cha kila moja kwa milimita kiwe hivi:

0, 0, 0, 3, 0, 0, 0

Kila nukta ikipewe wastani wa kimo chake na vimo vya jirani zake wawili, tunapata:

0, 0, 1, 1, 1, 0, 0

Kile kilichokuwa kimesimama kimelazwa. Ikiwa ile 3 ilikuwa kosa la chombo, tumefanya vyema, ingawa kosa halikutoweka bali limegawiwa majirani. Lakini ikiwa 3 ilikuwa kweli, yaani ukingo mwembamba ulioachwa na patasi, tumeuharibu, na mahali pake tumeweka kilima cha mviringo ambacho hakikuwapo kamwe. Hesabu ni moja kwa hali zote mbili. Ndani ya nambari zile saba hamna kitu kinachoweza kutuambia ni hali ipi.

Badala ya wastani twaweza kuchukua nambari ya katikati, yaani kuzipanga nambari tatu kwa ukubwa na kuichagua ya pili. Hapo safu yetu itakuwa sifuri tupu: kosa, au alama ya patasi, limefutika kabisa. Njia hii ina faida yake penye ngazi. Safu 0, 0, 0, 3, 3, 3 ikilainishwa kwa wastani huwa 0, 0, 1, 2, 3, 3, na ukingo wa ngazi umekwisha. Ikilainishwa kwa nambari ya katikati hubaki vile vile. Kwa ufupi, kila kanuni ina kitu inachokipenda na kitu inachokionea. Mwaka 2003 zilitolewa kanuni zenye busara zaidi, ambazo hulipa uzito mdogo fundo jirani lililo katika uso unaoelekea upande mwingine, ili kona zisipigwe msasa. Hata hizo humtaka fundi aseme kona ni nini na mtikisiko ni nini, nalo ni jambo la kuamuliwa na mtu.

Tena kulainisha kwa wastani huleta hasara ya kupunguza kitu. Juu ya tufe, wastani wa jirani za kila fundo huwa ndani kidogo ya tufe; kwa hiyo kila mara tunapolainisha, tufe hunywea. Gabriel Taubin alipendekeza dawa mwaka 1995: baada ya hatua moja ya kunyweza, hufuata hatua ya pili ya kuvimbisha kwa kiasi kinachozidi kidogo. Mikunjo midogo hupotea na ukubwa wa kitu hubakia karibu ule ule. Twajifunza hapa kwamba uso laini waweza kuwa na vipimo vya uongo, na mtu anayetaka kujua unene wa ukuta hana budi kuuliza ukuta huo ulilainishwa mara ngapi na kwa kanuni gani.

4.3 Kuziba matundu

Tundu dogo huzibwa kwa kuunganisha mafundo yaliyo ukingoni mwake. Tundu kubwa huhitaji makisio: uso unaolizunguka huendelezwa ndani yake taratibu, kama maji yanavyoenea kwenye kitambaa, mpaka kingo zikutane. Mbinu ya namna hii ilielezwa mwaka 2002 na James Davis na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Kuna ushahidi mmoja ambao wengi huusahau, na ambao Curless na Levoy waliutumia vizuri. Mwonzi wa leza ukifika ukutani, umetueleza mambo mawili: kwamba pale pana ukuta, na kwamba njia yote kutoka chombo hadi ukuta ni wazi. Basi kiraka chochote kinachopita katika njia hiyo ni batili, kwa sababu kimejenga ukuta mahali ambapo nuru ilipita bila kizuizi. Mbali na nafasi tunayojua kuwa imejaa na nafasi tusiyoijua, iko pia nafasi tunayojua kuwa ni tupu. Mhariri mzuri hazichanganyi hizi mbili za mwisho.

4.4 Kupunguza

Wavu wenye mamilioni ya macho ni mzito kutumia. Kwa hiyo mafundo hupunguzwa, hasa penye ubapa, ambapo pembetatu moja kubwa hufanya kazi ya mia ndogo. Mbinu ya Michael Garland na Paul Heckbert ya mwaka 1997 huukunja kwanza uzi ambao kuondolewa kwake kutauharibu uso kidogo kuliko nyuzi nyingine, kisha unaofuata, na kuendelea. Ni muhtasari, na kama ilivyo kwa kila muhtasari, ubora wake wategemea kile kilichoachwa.

5. Sungura na manabii

Mfano unaojulikana kuliko yote katika taaluma hii ni sungura wa udongo wa kufinyangwa, ambaye Turk alimpima huko Stanford. Vipimo kumi vilitumiwa, vyenye nukta 362,272 kwa jumla, na wavu uliotoka una mafundo 35,947 na pembetatu 69,451. Sungura huyu amepita katika mikono ya karibu kila mwanafunzi wa fani hiyo. Chini ya tumbo lake wavu una matundu. Baadhi yake yapo kwa sababu leza haikufika pale. Lakini mengine yapo kwa sababu sungura mwenyewe ni mtupu ndani na ana matundu upande wa chini. Wavu hautofautishi. Programu ikiamriwa kuziba matundu, huziba yote, na sungura mtupu huwa sungura mzima. Kwa mwanafunzi anayejifunza hesabu hapana dhara. Kwa mtu anayetaka kujua mfinyanzi alifanyaje kazi, ushahidi umeondoka.

Dhara huonekana wazi zaidi katika kazi kubwa iliyofuata. Katika mwaka wa masomo wa 1998 na 1999, Levoy na wenzake, kutoka vyuo vikuu vya Stanford na Washington, walikaa Italia wakipima sanamu za Michelangelo. Sanamu ya Daudi iliyoko Florence, iliyochongwa kati ya 1501 na 1504, ilipimwa kwa nukta zilizoachana takriban robo ya milimita, na data yake ilifikia takriban pembetatu bilioni 2. Kazi ya kuunganisha na kusafisha haikuwa ndogo: ni mwaka 2009, miaka kumi baadaye, ndipo wavu wa Daudi kwa ukamilifu wa vipimo hivyo ulipopatikana, ukiwa na pembetatu zilizokaribia bilioni moja. Upimaji huo pia ulionyesha kwamba Daudi ana urefu wa mita 5.17, ilhali vitabu vingi vilikuwa vikinakili mita 4.34.

Kwa nini robo ya milimita? Kwa sababu watafiti walitaka kuona alama za patasi. Nayo marumaru si rafiki wa leza. Nuru haigongi juu tu na kurudi, bali huingia kidogo ndani ya jiwe na kutawanyika, na hivyo huleta mtikisiko. Basi hapa alama ya mkono wa fundi na kosa la kipimo vinakaribiana kwa ukubwa. Hali hii ni nzito zaidi katika sanamu ya Mathayo Mtakatifu, ambayo Michelangelo aliianza na hakuimaliza. Uso wake wote umejaa mikwaruzo ya patasi, na mikwaruzo hiyo ndiyo itufundishayo jinsi alivyolifukua umbo kutoka katika jiwe. Fundi wa tarakilishi akiipiga msasa kwa bidii, atakuwa ameimaliza kazi ambayo Michelangelo aliiacha, na atakuwa ameimaliza vibaya.

6. Kilwa

Mambo haya hayakuishia Italia. Mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao ulijichagulia jina la Kiswahili, Zamani, umekuwa ukipima kwa leza majengo ya kale katika Afrika, na miongoni mwa mahali palipopimwa ni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika pwani ya kusini ya Tanzania. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kuharibika kwa kuta na kumomonyoka kwa ufuo.

Hebu tufikirie, bila kuihukumu kazi ya mtu yeyote, ni maamuzi gani yanayomngoja mtu anayesafisha wavu wa jengo la namna hii. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vyake kwa asili; lipu ikibanduka, uso hukwaruza. Je, ukwaruzo huo ni mtikisiko wa chombo au ni ukuta wenyewe? Mimea huota katika nyufa: majani ni nukta geni, lakini ufa si mgeni. Katika nyumba za mawe za Waswahili kuna zidaka, na kidaka kirefu hakiingiwi vyema na leza iliyosimama pembeni. Basi ndani yake huwa na ukosefu wa nukta, na programu hukiona kuwa tundu la kuzibwa.

Mfano ulio mzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni matundu ya boriti. Dari za majumba haya zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo ncha zake ziliingizwa ukutani. Dari imeanguka na boriti zimeoza, lakini mashimo yaliyozishika yangali safu safu katika kuta nyingi. Mashimo hayo hutuambia dari ilikuwa kimo gani, boriti ziliachana kiasi gani, na kama palikuwa na ghorofa. Upana wa vyumba wenyewe ulifungwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Kila shimo ni dogo, jeusi, na lina nukta chache au halina kabisa. Kwa kanuni ya kuziba matundu, ni la kwanza kuzibwa. Ukuta utakaotoka utakuwa safi, na ghorofa nzima itakuwa imefutwa katika historia bila mtu yeyote kukusudia.

Kama ukuta wenyewe ungesimama milele, kosa hili lingesahihishwa kwa safari moja ya kwenda kutazama. Lakini majengo haya hupimwa hasa kwa sababu hayana hakika ya kusimama. Siku ukuta utakapoanguka, wavu utakuwa ndio shahidi aliyebaki.

7. Kanuni za mhariri

Msomaji aliyewahi kushughulika na miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu ataitambua hali hii. Katika mwandiko wa zamani alama moja ilisimama badala ya *i* na *e*, na nyingine badala ya *u* na *o*, hata *mtu* na *mto* yaweza kuandikwa sawasawa. Mhariri huamua kwa maana, kwa vina na kwa lahaja. Pengine karatasi imeliwa na mchwa, na hapo hukisia. Hakuna anayemlaumu kwa kukisia. Hulaumiwa anayekisia bila kuweka mabano. Kutokana na desturi hiyo ya fani yetu, napendekeza kanuni nne kwa wale watakaotuletea nyuso za magofu.

Kwanza, nukta ghafi zihifadhiwe daima, pamoja na mahali chombo kiliposimama. Nukta ghafi ndizo mswada, na wavu uliosafishwa ni toleo. Mahali pa chombo pakipotea, hupotea pia ule ushahidi wa nafasi tupu niliotaja juu. Pili, kila kiraka kiwekewe alama, ikiwa ni rangi au jina, ili mtazamaji atofautishe kilichopimwa na kilichokisiwa. Jambo hili si gumu: tarakilishi inajua ni pembetatu zipi ilizoziongeza yenyewe, na mbinu ya Poisson huweza kuonyesha sehemu zilizokuwa na nukta haba. Tatu, hatua zote ziandikwe kwa utaratibu wake, pamoja na viwango: nukta geni ziliondolewa kwa umbali gani, uso ulilainishwa mara ngapi, wavu ulipunguzwa kutoka ngapi hadi ngapi. Nne, anayekijua kitu akae pamoja na anayeijua programu. Fundi hawezi kujua kidaka ni nini kama hakuambiwa, wala mjuzi wa majengo hawezi kujua kwamba kidaka kimezibwa kama hakuonyeshwa wavu kabla na baada.

Yafaa pia kukubali kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na matoleo mengi. Wavu wa kufinyangia mfano wa jengo kwa mashine hauna budi kuzibwa wote, la sivyo mashine haitajua ndani na nje. Wavu wa kumwonyesha mwanafunzi wa shule waweza kupunguzwa na kulainishwa. Wavu wa mtafiti uachwe na matundu yake. Ubaya ni pale toleo la shule linapochukuliwa kuwa mswada.

8. Hitimisho

Nimetumia kitenzi kusafisha katika makala haya yote kwa sababu ndicho kinachokuja upesi mdomoni. Kina kasoro moja, nayo ni kwamba humfanya msikilizaji aamini kwamba kilichoondolewa kilikuwa uchafu. Hakuna anayeuliza takataka zilikuwa nini. Mtu akisema, hata hivyo, kwamba uso *umehaririwa*, swali huzuka papo hapo: na nani, kwa kanuni gani, na mswada uko wapi? Kwa hiyo ningependa wenzangu wanaounda istilahi za sayansi walifikirie pendekezo la kuiita kazi hii *uhariri wa nyuso*, na kuliacha neno *kusafisha* kwa hatua ile ndogo ya kuondoa nukta geni, ambamo kweli kuna vumbi la kutupwa.

Yaweza kudhaniwa kwamba huku ni kubishana juu ya maneno tu. Lakini mafundi vijana watakaopima mabaki mengine ya pwani hii, baadhi yao watafundishwa kazi hiyo kwa Kiswahili. Fundi aliyefundishwa kusafisha, akiona shimo la boriti, ataliziba na kwenda zake. Aliyefundishwa kuhariri atasita kwanza, na kuuliza kama tundu lile ni la kipimo au ni la kweli.